Nyumba Isiyo na Simiti

Tulipokuwa tukimzika Mama Gitonga kule Timau, Makena alikuja akaketi kando yangu kwenye viti vya plastiki, akanishika mkono kama mtu aliyekuta kitu chake mahali alipokisahau. Sikumwona akifika. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa koti zuri la sufu, na pembeni yake alisimama msichana mrefu mwenye macho yake yale yale yanayocheka kabla ya mdomo. "Salimia auntie," alimwambia. "Huyu alikuwa rafiki yangu kabla hujazaliwa." Mtoto akanipa mkono. Nikamwuliza darasa, akanijibu, nikasema vizuri. Mhubiri alikuwa akisoma, lakini upepo wa mlimani ulichukua nusu ya maneno yake ukayapeleka kwenye mashamba ya ngano, na turubai juu ya vichwa vyetu lilikuwa likipigapiga hata wanaume wawili wakaamriwa kulishikilia. Nilitazama jeneza nikawaza kwamba mama huyu tunayemzika aliniambia siku moja, akiwa anamenya viazi na bila kujua anachonipa, neno moja kuhusu simiti, na neno hilo likageuza mwaka mzima wa maisha yangu kuwa kitu kingine. Zaidi ya miaka kumi imepita. Nimeandika vitabu viwili na sijawahi kuandika habari hii, kwa sababu kila nikiianza huanza kumtetea Makena.

Mwaka huo nilikuwa binti wa Makutano, mjini Meru, niliyekuwa nimefundisha kwa muda katika shule ya watu na kuacha, nikiwa na hadithi nusunusu ndani ya begi na imani kwamba ningeweza kuishi kwa mikono yangu asubuhi na kuandika alasiri. Nilitaka hilo tu. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angenipigia kengele. Makena alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Timau, akikata waridi ndani ya grinhausi kubwa, nyumba za nailoni za kukuzia mimea, zinazoonekana kutoka barabarani kama ziwa lililosimamishwa, na alipochoka kukata maua ya wengine alisema tuwe na yetu, ndogo, ya miche. Wanawake wa pale walikuwa wakipoteza miche ya kabeji na hoho kila msimu kwa baridi na upepo. Wangetuletea mbegu, tungewalelea kwenye trei, wangechukua miche imesimama. Ilikuwa fikra nzuri. Hata leo naikagua kama mtu anayekagua shati la zamani akitafuta tundu, na siioni kasoro yake.

Tulikodi kipande cha shamba kwa Mzee Rukaria, baba mdogo wa Makena, pamoja na chumba kimoja cha mbao uani kwake. Chumba kile kilikuwa na kitanda kimoja, meza niliyoitumia kuandikia na yeye kukatia sukuma wiki, na dirisha ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kipande cha kadibodi. Asubuhi mlima ulikuwa pale dirishani, mweupe kichwani, halafu saa nne mawingu yanaufunika na upepo unaanza. Tulikula viazi. Tulikula viazi na kabeji, viazi na njegere, na siku ambazo Mama Gitonga, mke wa mzee, alikuwa amechinja kuku, tulikula viazi na mchuzi. Usiniulize tulizungumza nini. Tulizungumza kila kitu. Nilikuwa nikimsomea nilichoandika naye akipika, na alikuwa na kipawa cha kunyamaza mahali hasa ambapo sentensi ilikuwa ya uongo. "Hapo unajifanya," angesema bila kugeuka, akikoroga. Hakukosea. Nilijifunza kuandika kutoka kwa mgongo wake.

Kutafuta nyumba yenyewe kulituchukua majuma. Kitabuni huitwa kivungulio, lakini Timau sijasikia mtu akilitamka neno hilo; sisi tulisema grinhausi, halafu tukazoea kusema nyumba tu. Tulizunguka maduka ya Makutano, mimi nikiwa nyumbani kati ya kelele za malori na magari ya kwenda mji wa Maua, Makena akishika begi lake kifuani kama mgeni. Duka la kwanza walitaka kutuuzia ile ya nailoni, kubwa na rahisi. Duka la pili, mwenyewe, Mwislamu mmoja mzee mwenye kofia nyeupe aliyetuita binti zangu tangu tulipoingia, alisikia neno Timau akacheka. "Nailoni ni ya Isiolo na Mwea," alisema. "Huko kwenu upepo utaivaa kama leso, iende nayo sokoni." Akatutolea kipande cha polikaboneti, bamba jepesi lenye kuta mbili na vijitundu katikati kama mzinga wa nyuki, akamwambia Makena alikunje. Likakataa kuvunjika. Akatueleza kwa subira: mahali pa upepo usitafute kubwa, tafuta fupi na nyembamba, chagua bamba nene kuliko fremu ndefu, upande mwembamba utazame upepo unakotoka na mlango uwe upande wa pili, ziba vile vijitundu kwa utepe vumbi lisiingie, na juu ya yote, miguu ya chuma izikwe kwenye simiti, kwa sababu nyumba nyepesi, binti zangu, upepo hauivunji, unaibeba.

Simiti ndiyo iliyonipendeza. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa kuchomelea aliyekuwa tayari kututengenezea fremu ya chuma cha mraba kilichopakwa zinki, yenye miguu mirefu ya kuzika. Nilimwona akilini mwangu akiondoka, simiti ikikauka, nasi tukibaki. Nilikuwa nimeishi vyumba vya kupanga maisha yangu yote na sikuwahi kusimamisha kitu. Makena naye aligusagusa ile nyingine, iliyokuja vipande vipande ndani ya maboksi, ya kufungwa kwa boliti juu ya fremu ya chini inayolazwa tu ardhini. Nilibisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tusigombane. Wacha nimuulize baba mdogo kwanza kama anakubali simiti."

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu msomaji wa kwingine atasema nilikuwa mjinga. Kwetu, aliyekodi shamba hapandi mti. Anapanda viazi, njegere, kabeji, vitu vinavyong'oka na msimu wake. Ukipanda mti kwenye udongo wa mwenyewe umeanza kudai, na siku moja watoto wako watasimama mbele ya chifu waseme ule mti wa mkima ulipandwa na baba yetu. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Hata sisi tuliozaliwa Makutano juu ya lami tunalijua. Na neno la namna hiyo, mpangaji kijana hampelekei mzee mwenye shamba yeye mwenyewe, ana kwa ana, kama anayedai haki. Hupelekwa na mtu wa damu yake, pole pole, akiwa na kikombe cha chai. Kwa hiyo Makena aliporudi kutoka nyumba kubwa jioni ile, akakaa kitandani, akasema mzee amekataa, ati simiti ni kama kupanda mti, sikuuliza swali la pili. Jibu lile lilikuwa na sauti ya kila mzee niliyewahi kumsikia. Niliona aibu hata kwa kuwa tumeuliza. Asubuhi iliyofuata, kwenye njia ya kwenda kisimani, nilimwamkia mzee kwa heshima zaidi ya kawaida ili ajue kwamba hatukununa, naye akanitazama kidogo kwa mshangao.

Basi tukanunua ya boliti, kwa akiba yangu ya kufundisha na akiba yake ya waridi. Tuliisimamisha wenyewe kwa spana mbili, tukicheka, bamba la kwanza likitaka kuruka nasi. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba tukiwa wawili ndani ilibidi mmoja ageuke ili mwingine apite. Na ilikuwa nzuri. Mwanga ndani yake haukuwa mwanga wa nje. Ulikuwa umetulia, mweupe kama maziwa, bila kivuli, na ukifunga mlango upepo ulikuwa habari ya watu wengine. Niliandika humo. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya trei za wanawake wa Timau, kila trei na kijiti chenye jina la mama fulani, nikiandika huku hoho zikiinua shingo. Sijawahi kupata tena chumba cha kuandikia kama kile.

Lakini ilikuwa nyepesi, kama mzee wa duka alivyosema. Miezi ya upepo ilipofika tulianza kubeba mawe. Tulijaza magunia mawe ya mtoni tukayalaza juu ya fremu ya chini pande zote, na bado kuna alasiri moja ambayo upande wa nyumba unaotazama mlima uliinuka wazi kutoka ardhini, tukatupa majembe tukakimbia, tukajilaza juu ya magunia kwa matumbo yetu. Mama Gitonga alikuja kutoka jikoni na kikombe chake cha chai mkononi, akatutazama, akakaa taratibu juu ya gunia la kona, sketi yake ikijaa upepo. "Leo na mimi niko na kazi," alisema. "Kazi yangu ni kuwa mzito." Tulicheka mpaka machozi. Akanywa chai yake pale, upepo ukimwagia nusu, akasema wasichana wa siku hizi wanapenda sana kubeba mawe. Makena alicheka kuliko sisi sote. Nimeirudia alasiri hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, nikisikiliza kicheko kile kama anayegonga chungu kusikia ufa, na sisikii kitu. Alilala juu ya magunia kwa nguvu zake zote, mikono ikichubuka. Aliipenda nyumba ile. Hakutaka upepo uichukue.

Nyaga alikuwa akija na lori kununua kabeji. Alikuwa mtu wa Kanja, upande wa Embu, mpole, mwenye kuvua kofia hata kwa watoto, na nilifurahi kwa ajili ya Makena kama mtu anavyofurahi kwa ajili ya dada. Siku moja nilikuwa na homa, nimelala chumbani mchana, na ukuta wa mbao haukuwahi kuficha kitu. Niliwasikia nje kando ya nyumba yetu. Nyaga aliuliza kama hii yote inafunguka. "Asubuhi moja," Makena alijibu, "ukiwa na spana mbili." Nikasikia fahari katika sauti yake. Nikajifunika blanketi nikitabasamu, nikadhani anajivunia kazi yetu.

Ndipo kikaja kile kikao cha Meru. Kikundi cha waandishi vijana walikuwa wakikutana katika chumba juu ya duka la viatu, na walikuwa wameniita nikasome hadithi, mara yangu ya kwanza mbele ya watu nisiowajua. Nilisita kwa sababu ya miche. Ya kabeji ilikuwa karibu kuchukuliwa. Makena ndiye aliyenilazimisha. Alinipigia pasi blauzi yake mwenyewe ya bluu, akanisikiliza nikisoma mara ya mwisho, akaniambia nisiharakishe pale mwishoni. "Kaa huko hata siku tatu," alisema. "Watu wa vitabu wanataka kukuona. Mimi niko." Nilisoma. Walinyamaza mahali pa kunyamaza. Mtu mmoja alilia. Nilirudi Timau nimebeba mkate wa mjini na furaha ambayo ilikuwa ya watu wawili, nikipanga nitakavyomweleza.

Mahali pa nyumba palikuwa na udongo mkavu wenye umbo la mstatili, laini, mweupe kidogo, na magunia ya mawe yamezunguka bado kama watu wanaosubiri kuambiwa waketi wapi. Nilidhani upepo. Nakiri kwamba nilitazama kwanza juu ya ngano kule mbali, nikitafuta mabamba. Halafu nikaona kwamba boliti zilizokuwa zimebaki zilikuwa zimekusanywa ndani ya kopo. Upepo haukusanyi boliti. Chumbani blanketi lake halikuwepo, wala sufuria yake, na langu lilikuwa limekunjwa vizuri.

Mama Gitonga nilimkuta jikoni akimenya viazi. Trei zote alikuwa amezipanga nyuma ya ukuta wa jiko na kuzifunika kwa mashuka, lakini miche mingi ilikuwa imeshalala. Alinipa kigoda. Akasema pole, na ya kwamba Nyaga alikuja na lori na vijana, na Makena aliwaambia kuwa mimi nimeamua kurudi mjini kwa mambo ya vitabu, shamba limenishinda, na kwamba nimekubali achukue nyumba. Mama Gitonga aliona ni ajabu mimi nisiage. Alimenya kiazi kingine. "Lakini hatukushangaa sana," alisema. "Mzee alisema tangu mwanzo hamna nia ya kukaa. Alimwambia Makena wekeni simiti, hapa kuna upepo, hata kokoto mchukue ya kwetu. Mkakataa. Akasema, basi hawa wanapita tu."

Nilimwomba arudie, akarudia. Naye akaacha kumenya, kwa sababu uso wangu ulikuwa umemwambia.

Kuna usaliti unaokuja siku moja na kuna ule unaorudi nyuma. Kama angechukua tu ile nyumba, ningekuwa nimepoteza nyumba. Lakini neno lile la simiti lilirudi miezi yote, likaingia chumbani, likaketi kati yetu kwenye viazi na njegere, likasimama dukani alipokuwa akigusa maboksi, likanisikiliza nikisoma. Kabla hatujanunua bamba moja tayari alikuwa anajua jinsi itakavyoondoka. Na alijua kwamba sitauliza. Alikuwa ameichukua adabu yangu, kile nilicholelewa nacho na kukionea fahari, akaifanyia kazi kama fundi anavyotumia chuma alichokikuta. Nilizunguka kwa wanawake wa Timau nyumba kwa nyumba kuwaeleza habari za miche. Hakuna aliyenigombeza. Walinipa chai, na mmoja aliniuliza kama yule mwingine ni mzima.

Ndipo nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya: nilikwenda kwa Mzee Rukaria peke yangu nikamwuliza ana kwa ana. Alinisikiliza akiegemea fimbo. Alisema ameaibika kwa ajili ya damu yake, na kwamba nikiirudisha nyumba yangu, shimo la simiti atalichimba kwa mkono wake, na nikae pale mpaka nizeeke. Kwa hiyo nilikuwa na mahali. Nilichohitaji ni kwenda kuileta. Niliazima spana, nikaitia ndani ya begi pamoja na leso, nikaenda Kanja.

Kule hakuna upepo. Nakumbuka hilo kabla ya jingine lolote. Majani ya migomba yalining'inia mazima, bila kuchanika, na nyumba yetu ilikuwa imesimama nyuma ya kahawa, mahali palipotulia kama bakuli, ambapo hata nailoni ingesimama miaka. Makena alinikuta langoni. Alisema tu karibu, akanipokea begi, na nikaona amekisikia kile chuma ndani. Jikoni mama yake Nyaga, mwanamke mdogo mwenye sauti ya furaha, alikuwa amepika nduma na ndizi za nyama, na wifi wawili wakasogea kunipisha karibu na moto. Niliambiwa nile, nikala. Walizungumza Kiembu taratibu ili nifuate. Wazee wao walikuwa bado hawajaenda Timau kupeleka mahari. Ilikuwa ikipangwa, na kwa sababu hiyo kila mtu pale alimtazama Makena kwa ule uangalifu wanaomtazama nao mtu ambaye bado anaweza kurudishwa. Kisha mama akanitazama akatabasamu, akamwuliza Makena, "Ndiye huyu msichana uliyekuwa umemwandika kazi kule, wa kukumwagilia miche?"

Makena alikuwa ameshika sufuria. Hakuigeuza shingo. Niliuona mgongo wake, ule mgongo, umenyamaza mahali hasa ambapo sentensi ilikuwa ya uongo.

Nilikuwa na neno moja tu, na lilikuwa la kweli, na nyumba ilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta ule. Lakini mgeni hasemi neno la wizi kwenye moto wa watu akiwa na chakula chao mkononi, mbele ya mama mkwe, juu ya mwanamke ambaye hajatolewa mahari. Ungekuwa mwisho wake pale. "Ndiyo, mama," nilisema. "Nilikuwa nikimsaidia." Mama akaniongezea nyama, akasema nimefanya kazi nzuri, ile nyumba inapendeza.

Makena alinisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi. Tulitembea mpaka kahawa ikaisha.

"Nilijua hutaniaibisha," alisema.

Nikamwambia angeniomba. Angeniambia anaolewa, anataka kitu cha kwenda nacho, ningempa yote, sehemu yangu na yake.

"Najua ungenipa, Kendi." Aliisema kwa upole, kwa sauti ile ile ya jikoni kwetu. "Halafu ingekuwa nyumba ya Kendi iliyoko kwa kina Nyaga. Kila nikifungua mlango ningekuwa nakushukuru. Nilitaka kuingia kwa watu na kitu changu."

Gari lilikuwa likipanda kilima, nami nilikuwa nimeshajua kwamba likinifikisha Meru nitashuka Makutano na sitaendelea mpaka Timau, na kwamba muhula ukifunguliwa nitakuwa nimesimama tena mbele ya darasa la watu. Makena aliona gari, akakumbuka, akanikabidhi kifurushi alichokuwa amekibeba kwapani: ndizi mbivu zilizofungwa kwenye majani, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kidogo, nikasema asante.